Ukoo wa Nyangumi

Kila mwaka, tangu mwezi wa Julai hata Septemba, nyangumi hupita karibu na pwani ya Kenya. Hutoka katika bahari ya baridi iliyo kusini kabisa mwa dunia, wakaja katika maji yetu ya vuguvugu kuzaa na kulea watoto wao. Wavuvi wa Watamu huwaona wakitoa pumzi iliyo kama moshi juu ya mawimbi, na mara nyingine wakijirusha hewani na kuanguka kwa kishindo, ingawa uzito wa mmoja wao waweza kushinda uzito wa ndovu wanne.

Mara nyingi nimewauliza wanafunzi wangu, "Nyangumi ni kiumbe gani?" Wengi hujibu pasipo kusita kwamba ni samaki mkubwa kupita samaki wote. Wachache, waliosoma kwa makini zaidi, hujibu kwamba si samaki bali ni mnyama, kwa kuwa hunyonyesha mtoto wake na huvuta pumzi juu ya maji. Jibu hili la pili ndilo la kweli. Lakini nikiendelea kuuliza, "Basi kama nyangumi ni mnyama, katika wanyama wa nchi kavu jamaa yake wa karibu ni nani?" darasa lote hunyamaza kimya.

Msomaji, kama nawe umenyamaza, usione haya. Swali hilo liliwasumbua wataalamu wa dunia kwa zaidi ya miaka 200. Nataka kukusimulia namna lilivyopata jawabu, kwa sababu jawabu lenyewe ni la ajabu, na njia iliyofuatwa kulifikia ina mafunzo makubwa kuliko jawabu. Halikupatikana kwa kumtazama nyangumi kwa macho. Lilianza kuonekana katika damu yake, likazidi kudhihirika katika maziwa yake, na mwisho likathibitishwa na mfupa mdogo wa mguu, ijapokuwa nyangumi wa leo hana mguu.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle wa Uyunani aliandika kwamba nyangumi na pomboo huvuta hewa, huzaa watoto walio hai na kuwanyonyesha. Maneno yake hayakufuatwa na wengi. Hata Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyevipanga viumbe vyote katika makundi, hapo kwanza aliwaweka nyangumi pamoja na samaki. Ni katika chapa ya kumi ya kitabu chake, iliyotoka mwaka 1758, ndipo alipowahamisha na kuwatia katika kundi la wanyama wanyonyeshao.

Lakini jambo kuandikwa kitabuni ni kitu kimoja, na watu kulikubali ni kitu kingine. Mwaka 1818, katika mji wa New York, Marekani, kesi ya ajabu ilifika mahakamani. Sheria ya jimbo hilo iliamuru kwamba mafuta yote ya samaki yakaguliwe kabla ya kuuzwa, na mkaguzi alipwe ada yake. Mfanyabiashara Samuel Judd alikuwa na mapipa ya mafuta ya nyangumi, na mkaguzi James Maurice akamdai ada. Judd alikataa kulipa. Hoja yake ilikuwa kwamba nyangumi si samaki, kwa hiyo mafuta ya nyangumi si mafuta ya samaki. Hivyo swali la elimu likageuka kuwa swali la fedha. Samuel Mitchill, mmoja wa wataalamu mashuhuri wa viumbe katika nchi ile, alisimama akaeleza habari za mapafu, damu moto na maziwa. Mabaharia waliopata kuwinda nyangumi nao wakatoa ushahidi. Kisha juri, yaani wale raia waliochaguliwa kuamua kesi, wakatoa uamuzi wao: nyangumi ni samaki. Judd akashindwa.

Tusiwacheke watu wale upesi. Waliamini macho yao, na macho yalikuwa na sababu ya kudanganyika. Bahari ni kama fundi cherehani mwenye kipimo kimoja tu. Kila amwendeaye humshonea nguo ya mkato uleule. Kiumbe atakaye kwenda mbio majini hana budi kuwa na mwili mwembamba mbele na nyuma, ngozi laini, na viungo vya kusukumia maji. Papa ana umbo hilo, jodari analo, na pomboo analo. Lakini papa na pomboo hawana udugu wa karibu hata kidogo. Umbo lao limefanana kwa kuwa kazi yao imefanana.

Udanganyifu huo wa umbo uliwatatiza hata wale waliokwisha kukubali kwamba nyangumi ni mnyama. Maana, ikiwa bahari imeondoa manyoya yake, imeondoa miguu yake ya nyuma, na imegeuza mikono yake kuwa makasia, alama za ukoo zitatafutwa wapi? Mwaka 1883 Mwingereza William Henry Flower, aliyechunguza sana mifupa ya wanyama, alitoa rai kwamba nyangumi ni wa ukoo mmoja na wanyama wenye kwato. Ilikuwa rai nzuri, lakini haikuwa na ushahidi wa kutosha kuwashawishi wote. Mwaka 1945 George Gaylord Simpson wa Marekani, aliyepanga upya koo zote za wanyama wanyonyeshao, aliona kwamba nyangumi ni wa ajabu mno hata akawaweka katika kundi la peke yao, mbali na wengine wote. Walikuwa kama mgeni aliyefika mjini bila kujulikana kwao wala kabila lake.

Hapo ndipo uchunguzi wa protini ulipoingia. Neno protini umelisikia katika somo la chakula, ulipoambiwa ule maharagwe, mayai, samaki na nyama ili mwili ujengeke. Lakini protini si chakula tu. Karibu kila kazi ifanyikayo ndani ya mwili ina protini yake. Iko ibebayo hewa katika damu, iko igandishayo damu ukijikata, iko ipatikanayo katika maziwa, na ziko nyingine maelfu kwa maelfu.

Ili uelewe protini ni nini, fikiri uzi wa shanga. Kila ushanga ni kitu kidogo kiitwacho asidi amino, na shanga hizo ni za aina 20 tu. Hata hivyo, kwa aina hizo 20 mwili hutunga nyuzi zisizohesabika, ndefu na fupi, kila moja kwa mpangilio wake. Mpangilio huo haubuniwi upya kila siku. Umehifadhiwa katika vinasaba, nao mzazi humrithisha mtoto, na mtoto naye humrithisha mjukuu.

Sasa angalia jambo moja. Wajua kwamba tenzi za kale za Lamu na Pate zilidumu kwa kunakiliwa kwa mkono. Mwandishi anakilipo huweza kukosea neno moja. Yule atakayenakili kutoka kwake atalirudia kosa lile, na pengine ataongeza lake. Hivyo msomi akiletewa nakala kumi za utenzi mmoja, huweza kujua ipi imetoka katika ipi kwa kutazama mabadiliko yanayoshirikiwa. Na protini ni vivyo hivyo. Katika vizazi vingi, ushanga mmoja hubadilika hapa, mwingine pale. Viumbe walioachana karibuni wana nyuzi zilizo karibu sawa. Walioachana zamani sana, nyuzi zao zimetofautiana mahali pengi. Wataalamu Emile Zuckerkandl na Linus Pauling walilieleza jambo hili waziwazi katika miaka ya 1962 na 1965, wakaonyesha kwamba ndani ya mwili wa kila kiumbe mna hati za historia yake.

Lakini kabla ya watu kuweza kuzisoma shanga moja moja, walikuwa wamekwisha kupata njia ya kuzilinganisha protini kwa jumla. Sungura akidungwa kiasi kidogo cha maji ya damu ya ng'ombe, mwili wake huyaona kuwa mgeni, ukatengeneza kingamwili za kupambana nayo. Damu ya sungura yule ikiisha kutolewa na kuachwa igande, hubaki juu yake maji maangavu yenye kingamwili hizo. Ukiyachanganya maji hayo na maji ya damu ya ng'ombe, mara hutokea ukungu mweupe ndani ya chupa, kwa kuwa kingamwili zimezitambua protini za ng'ombe na kuzikamata. Ukiyachanganya na maji ya damu ya kondoo, ukungu hutokea pia, ila ni hafifu kidogo. Ukiyachanganya na ya mnyama wa ukoo wa mbali, ukungu ni kidogo sana au hautokei kabisa. Kwa hiyo wingi wa ukungu ni kipimo cha udugu. Mwaka 1904 George Nuttall wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa kitabu kilichoeleza majaribio 16,000 ya namna hiyo.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Alan Boyden aliendeleza kazi hii. Mwaka 1948 alianzisha makumbusho ya namna ya pekee. Katika makumbusho mengine utaonyeshwa mifupa, ngozi na ndege waliokaushwa. Hazina ya makumbusho haya ilikuwa chupa za maji ya damu ya viumbe mbalimbali. Mwaka 1950 Boyden na mwenzake, Douglas Gemeroy, walitangaza matokeo ya kuilinganisha damu ya nyangumi na damu za wanyama wa makundi mengi. Ukungu uliotokea kwa nyangumi ulikuwa mzito zaidi upande wa kundi moja kuliko makundi mengine yote. Kundi hilo ni lile la wanyama wenye kwato zilizogawanyika, ambalo ndani yake mna ng'ombe, mbuzi, swala, twiga, ngamia, nguruwe na kiboko.

Fikiri maana ya habari hiyo. Nyangumi, ambaye hana kwato wala mguu, damu yake ilimtambulisha kuwa ni jamaa wa mbuzi! Wahenga wetu walisema damu ni nzito kuliko maji, nao walikuwa wakisema juu ya watu. Hapa maneno yao yalitimia kwa namna ambayo hawakuitazamia.

Hata hivyo, kipimo cha ukungu kilikuwa na upungufu. Kiliweza kusema kwamba nyangumi ni wa mtaa ule, lakini hakikuweza kuonyesha ni wa nyumba ipi. Ili kuijua nyumba, ilikuwa lazima protini zisomwe kwa undani zaidi. Na ikatokea kwamba protini ya kwanza kabisa ambayo binadamu alipata kuliona umbo lake ilikuwa ya nyangumi mwenyewe.

Kazi hiyo ilifanywa Cambridge na John Kendrew. Protini aliyoichagua huitwa mayoglobini. Hukaa katika misuli, na kazi yake ni kuiweka akiba hewa ya oksijeni. Nayo ndiyo huipa nyama rangi yake nyekundu. Kendrew alianza na mayoglobini ya farasi, lakini fuwele alizozipata zilikuwa ndogo mno, hazikufaa. Akatafakari. Ni mnyama gani mwenye akiba kubwa ya hewa katika misuli yake? Bila shaka ni yule azamaye kwa muda mrefu. Akaagiza nyama ya nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba, yule atoaye ambari. Watu wa pwani yetu waijua ambari tangu zamani. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad, aliitaja miaka zaidi ya 1,000 iliyopita alipoandika habari za nchi ya Zanji. Nyangumi huyo huzama zaidi ya mita 1,000 na kukaa chini kwa muda wa saa nzima. Nyama yake ni nyeusi kwa wingi wa mayoglobini, ambayo ni kiasi cha mara kumi ya ile iliyomo katika misuli yetu.

Kendrew alipata kipande cha nyama hiyo kutoka Peru, na fuwele zilizotoka humo zilikuwa kubwa na nzuri. Alipitisha miali ya eksirei ndani yake, na miali ikatawanyika na kuacha madoa juu ya filamu. Kutokana na mahali pa madoa na ukali wake, aliweza kukadiria atomu zimekaa wapi. Hesabu zilikuwa nyingi kupita uwezo wa mkono, ikabidi atumie mojawapo ya kompyuta za kwanza duniani. Mwaka 1958 umbo likaonekana kwa mara ya kwanza, na kufikia mwaka 1960 likaonekana wazi zaidi: uzi wa shanga 153 uliojikunjakunja, na katikati yake chembe ya chuma ishikayo oksijeni. Mwaka 1962 Kendrew alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Max Perutz, aliyeichunguza himoglobini, yaani protini ibebayo hewa katika damu. Tutairudia mayoglobini hii baadaye.

Sasa turudi kwenye swali letu la nyumba. Kadiri miaka ilivyopita, wataalamu walijifunza kuzisoma shanga moja moja, na kisha kuvisoma vinasaba vyenyewe. Mwaka 1994 Dan Graur na Desmond Higgins walilinganisha protini na vinasaba vya wanyama kadhaa, wakasema kwamba nyangumi si jirani wa wanyama wenye kwato zilizogawanyika, bali yumo ndani ya kundi lao: yuko karibu zaidi na ng'ombe kuliko ng'ombe alivyo karibu na nguruwe au ngamia. Mwaka uleule wengine waliochunguza protini moja itengenezayo nguvu ndani ya chembe za mwili walimtaja kiboko. Mwaka 1996 John Gatesy na wenzake walisoma vinasaba vya protini za maziwa, na mwaka 1997 akasoma vinasaba vya protini igandishayo damu. Mara zote mbili jibu lilikuwa lilelile. Jamaa wa karibu wa nyangumi, katika wanyama wote walio hai leo, ni kiboko.

Usinifahamu vibaya. Sikusema kwamba nyangumi alitokana na kiboko, wala kiboko na nyangumi. Hao ni kama watoto wa ndugu wawili. Babu yao mmoja aliishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, kisha nyumba zikaachana: wa nyumba moja walikwenda baharini, na wa nyumba ya pili, baada ya muda mrefu sana, wakafika katika mito na maziwa ya Afrika.

Je, wataalamu wote walishangilia? Hasha. Wale waliochunguza visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, walikuwa na maneno yao, nao hawakuwa wajinga. Mwaka 1966 Leigh Van Valen alikuwa ameonyesha kwamba meno ya nyangumi wa kale yalifanana sana na meno ya wanyama fulani wala nyama walioangamia, waliokuwa na kwato. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba hao ndio mababu wa nyangumi. Tena waliuliza swali gumu: ikiwa nyangumi walikuwako miaka milioni 50 iliyopita, na visukuku vya kale vya kiboko havifiki hata nusu ya umri huo, udugu wao ulikuwa umejificha wapi muda wote huo? Hivyo ukatokea ugomvi wa heshima kati ya watu wa protini na watu wa mifupa. Kila upande ulikuwa na shahidi wake, na mashahidi hawakupatana.

Aliyeukata mzizi wa fitina alikuwa mfupa wa kifundo cha mguu. Siku mbuzi achinjwapo nyumbani kwenu, omba upewe mfupa mdogo wa kifundo cha mguu wa nyuma, uuoshe, uutazame. Utaona umefanyika mfano wa kapi, lile gurudumu lenye mfuo lipitishalo kamba ya tanga katika jahazi. Nao una umbo hilo juu na chini pia. Wanyama wote wenye kwato zilizogawanyika wana mfupa wenye kapi hizo mbili, na hakuna kundi jingine la wanyama lililo nao. Ni kama muhuri wa ukoo.

Ilikuwa imejulikana kwamba nyangumi wa kale walikuwa na miguu. Kilichokosekana ni kifundo kizima. Mwaka 2001, mwezi wa Septemba, vikundi viwili vya wataalamu, kila kimoja mbali na mwenzake, vilitangaza habari za mifupa iliyopatikana Pakistani. Kikundi kimoja kiliongozwa na Philip Gingerich, na cha pili na Hans Thewissen. Nyangumi wao walikuwa wa umri wa miaka milioni 47 hadi 50, nao walikuwa na miguu minne. Katika vifundo vyao mlikuwa na ule mfupa wa kapi mbili, sawasawa na wa mbuzi. Gingerich alikuwa mmoja wa walioamini habari za wale wala nyama wenye kwato. Alipouona mfupa, alikiri kwamba rai yake ya zamani ilikuwa na makosa. Msomaji, hili ni tendo la kukumbukwa. Ni rahisi mtu kubadili mawazo yake asipokuwa na jina. Ni vigumu sana akiwa ameandika vitabu na watu wamemsadiki.

Na lile swali la viboko waliokosekana? Sehemu ya jawabu lake ilitoka hapa kwetu. Mwaka 2015 Fabrice Lihoreau na wenzake, miongoni mwao Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walieleza habari za meno ya mnyama aliyeishi Lokone, katika nchi ya Turkana, miaka milioni 28 hivi iliyopita. Walimpa jina la Epirigenys, kwa kuwa epiri ni kiboko katika lugha ya Kiturkana. Meno hayo yaliunganisha viboko na wanyama wa kale zaidi walioingia Afrika kutoka Asia, na hivyo pengo la nasaba likapungua. Tena katika Turkana hiyohiyo, mahali paitwapo Loperot, mwaka 1964 uliokotwa mfupa wa kichwa cha nyangumi aliyeishi miaka milioni 17 iliyopita, aliyepotea kwa kufuata mto mpaka ndani kabisa ya bara. Leo mahali hapo ni umbali wa kilomita 740 kutoka baharini. Basi binamu hawa wawili waliacha mifupa yao katika nchi moja kavu, ambako sasa wachungaji huchunga mbuzi, ambao nao ni jamaa zao.

Nilikuahidi kwamba tutairudia mayoglobini. Protini hiyo ilikuwa na neno jingine la kusema. Kwa muda mrefu watu waliuliza: misuli ya nyangumi yawezaje kujaa mayoglobini kiasi kile pasipo kudhurika? Kwa kawaida protini zikisongamana mno hushikamana, zikawa madonge yasiyofaa kitu. Mwaka 2013 Scott Mirceta, Michael Berenbrink wa Chuo Kikuu cha Liverpool, na wenzao walitoa jawabu. Walizichunguza mayoglobini za wanyama wa namna nyingi, wakaona kwamba zile za wazamiaji hodari zina chaji nyingi zaidi ya umeme juu ya uso wake. Wajua kwamba ncha mbili za sumaku zilizo za namna moja husukumana. Na mayoglobini hizo husukumana vivyo hivyo, kwa hiyo huweza kujazana bila kugandana.

Tena hawakuishia hapo. Kwa kuzilinganisha nyuzi za wanyama walio hai, walikadiria uzi wa mababu zao ulivyokuwa, na kwa kuuongezea ukubwa wa mwili uliojulikana kutokana na visukuku, wakakadiria kila mmoja aliweza kuzama muda gani. Yule nyangumi wa kale wa Pakistani mwenye miguu minne, aitwaye Pakicetus, alikadiriwa kuweza kukaa chini ya maji dakika moja na nusu hivi, muda usiozidi wa mpiga mbizi hodari wa pwani. Basilosaurus, ambaye mifupa yake imejaa katika Bonde la Nyangumi huko Misri, alikadiriwa dakika 17 hivi. Mjukuu wao atoaye ambari, kama nilivyosema, hukaa saa nzima. Ni kana kwamba tumepewa daftari la mahudhurio la viumbe ambao hakuna mtu aliyepata kuwaona. Uchunguzi huo uligusa hata jamaa nyingine: ulionyesha dalili kwamba babu wa tembo, wa pimbi na wa nguva, ambaye siku hizi ni adimu sana katika maji ya Lamu, aliishi nusu majini na nusu nchi kavu.

Sasa tuifunge habari yetu. Wale raia wa New York wa mwaka 1818 walikosea, lakini kosa lao halikuwa kukosa akili. Walimsikiliza shahidi mmoja, yaani jicho, wakamwamini kuliko wengine. Waliokuja baada yao walikuwa na subira zaidi. Waliiuliza damu, wakayauliza maziwa, wakaiuliza misuli. Na ijapokuwa mashahidi hao walipatana, bado wapinzani walidai mfupa, nao walikuwa na haki ya kuudai. Mfupa ulipopatikana, ukasema neno lilelile la damu. Ushahidi wa namna moja, hata ukiwa mwingi, waweza kupotoka. Lakini mashahidi wasiojuana, waliotoka njia mbalimbali, wakikutana mahali pamoja, hapo mtu mwenye busara huvua kofia na kukubali.

Basi siku utakapokwenda Watamu wakati wa kusi, ukamwona nyangumi akitoa pumzi yake mbali juu ya maji, mkumbuke kiboko alalaye matopeni ukingoni mwa Ziwa Victoria, na mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba yenu. Wote watatu ni wa ukoo mmoja. Na mtu akikuuliza umejuaje, usimjibu kwamba umesoma kitabuni tu. Mwambie mashahidi ni nani, na kila mmoja alisema nini.